Alix Strachey hakuwa "akisaidia"

Ndugu Mhariri,

Katika makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu watu waliomfanya Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeanzisha saikoanalisia, yaani uchanganuzi wa nafsi, asomeke kwa Kiingereza, mwandishi wenu alimpa James Strachey aya sita nzuri, kisha akafunga kwa maneno manne: "akisaidiwa na mkewe, Alix." Nimeyarudia maneno hayo mara kadhaa, na kila nikiyarudia yananichoma. Naomba nafasi nieleze sababu. Nimefanya kazi ya kufasiri kwa miaka 31 na jambo hili nalijua kwa ndani.

Simlaumu mwandishi kwamba ameyabuni, maana hakuyabuni. Ukifungua juzuu yoyote kati ya zile 24 za maandishi ya Freud zilizotoka London kuanzia 1953 hadi 1974, utakuta mwanzoni kwamba tafsiri imesimamiwa na James Strachey kama mhariri mkuu, kwa kushirikiana na Anna Freud, binti yake Freud, akisaidiwa na Alix Strachey na Alan Tyson. Mwandishi wenu alinakili alichokikuta. Lakini kuna kitabu kingine cha mwaka 1925, juzuu ya tatu ya maandishi teule ya Freud, iliyotolewa na Hogarth Press, kampuni ya Leonard Woolf na mkewe Virginia. Hiyo ndiyo yenye visa virefu vya wagonjwa: Dora, Hans mdogo, mtu wa panya, Jaji Schreber, mtu wa mbwa mwitu. Pale wafasiri wameandikwa hivi: Alix na James Strachey. Mke ametangulia. Watu ni wale wale, na kazi ni ile ile ya kumtoa Freud kwenye Kijerumani. Ikapita miaka 28, na mwanamke aliyekuwa mwanzo wa mstari akateremshwa kwa wasaidizi.

Sisemi James alimpora mkewe. Juzuu zile 24 ni jasho lake kuliko la mtu mwingine yeyote, na alifariki mwaka 1967 kabla ya kuiona ya mwisho. Ninachosema ni kwamba ukitaka kujua nani alifanya nini katika ndoa ya wasomi wawili, ukurasa wa kwanza wa kitabu ni shahidi dhaifu. Barua zao ni shahidi mwenye nguvu zaidi. Na barua zipo, zimechapwa tangu 1985, za mwaka mmoja ambapo Alix alikuwa Berlin na James alikuwa London.

Nianze nyuma kidogo. Alix alizaliwa New Jersey, Marekani, mwaka 1892, akasoma lugha katika Chuo cha Newnham, Cambridge. James alikuwa mdogo wake Lytton Strachey, yule mwandishi wa wasifu, na kazi yake gazetini aliipoteza kwa sababu ya msimamo wake wa kukataa vita. Hakuna kati yao aliyekuwa daktari. Walioana Juni 1920, na kabla mwaka haujaisha wakawa Vienna, James akilala kwenye kochi la Freud kuchanganuliwa nafsi, saa moja kila siku ya kazi, kwa malipo ya gini moja, fedha ya Kiingereza ya zamani. Alix alipopatwa na vipindi vya hofu, moyo ukimwenda mbio, James alimwomba Freud ampokee naye pia. Freud akakubali. Wakawa wanakwenda nyumba ile ile, mume kwa saa yake na mke kwa saa yake, jambo ambalo mchanganuzi wa nafsi wa leo asingelikubali hata kwa kubembelezwa. Na wiki chache tu baada ya James kuanza, Freud aliwapa wote wawili andiko lake moja walifasiri, lile la ndoto za mchana kuhusu mtoto anayepigwa. Zingatieni hapo, Mhariri. Aliwapa wote wawili.

Walirudi London, wakaishi Gordon Square namba 41, wakaanza kupokea wagonjwa. Mnamo Septemba 1924 Alix akaenda Berlin kuendelea kuchanganuliwa na Karl Abraham, mchanganuzi wa huko, naye James akabaki na wagonjwa na prufu, zile kurasa za kusahihishwa kabla ya kuchapwa. Kuanzia hapo wanaandikiana karibu kila siku.

Nilipopata nakala yangu ya barua hizo nilidhani nitakuta nadharia. Nilikuta nyumba. Kuna habari za fedha, mafua, nani kamtembelea nani, nani kachosha wenzake kwa hotuba ndefu. Halafu katikati ya hayo, bila kubisha hodi, linaingia neno la Kijerumani, kwa sababu Alix anaandika Kiingereza chake kikiwa kimechanganyika na Kijerumani cha mikutano aliyotoka jana yake. Maswali ya tafsiri yanapita kati yao kama wenye nyumba wanavyoulizana ufunguo uko wapi.

Chukueni neno *es*. Kwa Mjerumani ni neno la kila siku, hata mtoto mdogo analo mdomoni. Freud alilitumia mwaka 1923 kulitaja lile lililomo ndani yetu lisilotuuliza ruhusa. London walitaka kulipa jina la Kilatini, *id*. Oktoba 1924 James anamwandikia mkewe akiwa amekasirika: katika kikao cha wafasiri ameeleza kwamba neno hilo likisikika vibaya litafanana na *yid*, neno la mtaani la kuwadharau Wayahudi, na Ernest Jones, aliyeongoza chama chao, amemjibu kwamba neno hilo la mtaani halipo katika Kiingereza. Halipo kwa sababu yeye hajawahi kulisikia! Kumbukeni kwamba Freud mwenyewe alikuwa Myahudi, na wengi wa wenzake wa Vienna vilevile. James alishindwa. *Id* ndilo likakaa vitabuni, na yeye mwenyewe akalibeba katika juzuu zote. Lakini unyonge huo aliuandika wapi? Kwenye barua ya kwenda Berlin, kwa mtu aliyejua kwamba mzozo wa neno moja unaweza kumnyima mfasiri usingizi.

Au *Besetzung*. Mjerumani analitumia jeshi linapoukalia mji, au kiti kikiwa na mwenyewe. James alikuwa ameshalitafutia neno la Kigiriki mwaka 1922, *cathexis*, na Freud hakulifurahia kwa kuwa hakupenda istilahi ngumu pasipo na haja. Mimi nipo upande wa Freud. Neno ambalo mtu anaweza kulitumia kuulizia kiti, ukaligeuza kuwa neno linalohitaji kamusi, umemfungia msomaji mlango. Hata hivyo nawaheshimu walioketi na kulitafuta, maana najua kulitafuta kunavyokuwa.

Najua kwa sababu hii. Mwaka 1989 mke wangu, ambaye ni muuguzi wa wagonjwa wa akili, alihamishiwa mbali kikazi. Mimi nikabaki na watoto wawili na mswada wa kitabu cha afya ya akili, kurasa 212, wa kufasiriwa kutoka Kiingereza. Nilikuwa namtumia kurasa kumi kumi kwa posta, naye anazirudisha na barua. Upande mmoja wa karatasi aliniuliza kama mdogo ameacha kukohoa. Upande wa pili alinisahihisha kwa wino mwekundu. Ugonjwa unaomwondolea mtu hamu ya kila kitu mimi niliuita "huzuni kubwa." Akaniandikia, na karatasi hiyo ninayo hapa mezani: "Huzuni ina msiba wake. Mgonjwa wangu wa kitanda cha nne hana msiba. Ukimuuliza amefiwa na nani, anasema hakuna. Anageukia ukuta. Huyo hana huzuni, anasononeka. Andika sonona." Nilibadilisha mahali 63. Kitabu kizima kilikaa sawa kwa neno hilo, kwa sababu sura tatu zilikuwa zinajaribu kueleza tofauti ambayo neno langu lilikuwa linaifuta.

Kitabu kilitoka na jina langu peke yake. Mchapishaji alisema mkataba una jina moja, nami sikubisha. Kwenye shukrani nilimtaja mke wangu nikamshukuru "kwa uvumilivu wake." Ni kosa langu na nalitaja kama lilivyo. Hakuwa amevumilia. Alikuwa amefasiri.

Sasa turudi Berlin, maana ushahidi mzito kuliko wote bado.

Jumamosi, tarehe 13 Desemba 1924, Melanie Klein alisimama mbele ya wachanganuzi wa Berlin kueleza kazi yake na watoto. Huyu alikuwa mama wa miaka 42, mzaliwa wa Vienna, asiye na shahada ya chuo. Alikuwa akiwachanganua watoto wadogo sana, na kwa kuwa mtoto hawezi kulala kochini akasimulia maisha yake, Klein alimpa vitu vidogo vya kuchezea akamtazama anavyocheza. Kucheza kwake ndiko kusema kwake. Alix alikuwepo ukumbini. Kesho yake akakaa akamwandikia James barua ambayo ukiisoma leo bado ina moto: jinsi Klein alivyoonyesha kwamba watoto hao, kuanzia umri wa miaka miwili na miezi tisa, walikwisha kuumia kwa yale waliyolazimika kuyafukia ndani yao, jinsi madaktari wawili, Alexander na Radó, walivyompinga kwa istilahi za saikoanalisia, ilhali kilichowasukuma kilikuwa hofu ya watu wazima kwamba mtoto asiambiwe ukweli, jinsi wengine ukumbini walivyosimama upande wa Klein. Alix hakunukuu tu. Alipima. Alitenganisha hoja na woga uliojificha nyuma ya hoja, usiku mmoja tu baada ya kikao, akiwa peke yake na kalamu.

Wala hakumtukuza Klein. Walikuwa wakienda kwenye dansi pamoja majira yale ya baridi, dansi za kuvaa vinyago, Klein amevaa kama Kleopatra, bangili tele na rangi usoni, na Alix, ambaye alipenda kucheza kuliko kulala, alichoka kumfuata. Alimwambia James wazi kwamba mwanamke huyu ana kichaa kidogo, lakini kichwa chake kimejaa mambo ya kusisimua, na ni mtu mwema. Mimi naliamini zaidi jicho linaloona bangili na hoja kwa wakati mmoja.

Kilichofuata ndicho mwandishi wenu alikikosa. Alix alituma London muhtasari wa mawazo ya Klein, na mwanzoni mwa Januari 1925 James akausoma mbele ya chama cha wachanganuzi wa Uingereza. Sauti ilikuwa ya James, na yaliyosemwa yalikuwa ya Alix. Watu wakauliza, wakabishana, wakataka zaidi. Jones akavutiwa kabisa. Klein akaalikwa. Alix akaketi naye Berlin kumnoa Kiingereza, akamfasiria mihadhara yake, na Julai 1925 Klein akatoa mihadhara sita kwa wiki tatu, Gordon Square namba 50, sebuleni kwa Adrian Stephen na mkewe Karin. Mwaka 1926 Klein alihamia London moja kwa moja akaishi huko hadi alipofariki mwaka 1960. Mihadhara ile ikawa kiini cha kitabu chake kikubwa cha mwaka 1932 juu ya uchanganuzi wa watoto, na aliyekifasiri kwa Kiingereza ni Alix Strachey. Mabishano yaliyokitikisa chama hicho miaka ya 1940, kambi ya Klein na kambi ya Anna Freud, yasingekuwa vile yalivyokuwa bila Klein kutua London. Na kutua kwake kulianzia kwenye barua ya mke kwa mume, iliyoandikwa Jumapili moja ya Desemba.

Nitaongeza jambo ambalo limenikaa rohoni tangu nimalize barua hizo. James na Alix walikaa katika ndoa karibu miaka 47. Barua hizi ni za mwaka mmoja tu wa miaka hiyo. Je, miaka mingine Alix hakuwa akisema "neno hili siyo, andika lile"? Alikuwa akisema. Lakini walikuwa nyumba moja, wanazungumzia mezani, na mazungumzo ya mezani hayaachi karatasi. Mezani kwao London, na baadaye kule Marlow alikozeeka James na juzuu zake, ni maneno mangapi ya Alix yaliingia kwenye mstari wa James bila mtu kujua, labda hata wenyewe wasikumbuke? Ni utengano uliotuonyesha mkono wake. Abraham asingekuwa Berlin, leo tungekuwa na lile "akisaidiwa" basi.

Msidhani pia kwamba Alix alikuwa na kalamu ya barua tu. Mwaka 1936 alifasiri peke yake kitabu cha Freud kuhusu wasiwasi. Mwaka 1943 alitoa kamusi ya istilahi za saikoanalisia kutoka Kijerumani kwenda Kiingereza, kazi ya kuchosha isiyo na makofi, ambayo kila mfasiri aliyemfuata aliiweka karibu na mkono. Mwaka 1957 akaandika kitabu chake mwenyewe kuhusu vita na yaliyofichika ndani ya watu yanayowasukuma kwenye vita, na mwaka 1960 kingine kuhusu utaifa. Mtu wa namna hiyo, katika gazeti linalosomwa na mabinti wanaosomea lugha, hatajwi kwa neno moja la kusaidia.

Ombi langu ni dogo. Toeni sahihisho. Mistari miwili inatosha: kwamba juzuu ya tatu ya mwaka 1925 ilifasiriwa na Alix na James Strachey, kwa mpangilio huo wa majina, na kwamba ni maelezo ya Alix kutoka Berlin yaliyomfikisha Melanie Klein kwenye masikio ya London. Na mwandishi wenu, ambaye kalamu yake naipenda na aya zake juu ya James sizibishii, namwomba azitafute barua hizo kabla hajaandika tena juu ya wafasiri. Asome hasa ile ya tarehe 14 Desemba.

Barua hii nayo imepita kwa mke wangu kabla ya kufika kwenu. Maneno ya kwamba mazungumzo ya mezani hayaachi karatasi ni yake, nimeyachukua yalivyo. Aya ya Klein ilikuwa na mistari mitano; alisema hapo ndipo penye kesi, nirefushe, nami nikarefusha. Pale mwanzo nilikuwa nimeandika kwamba maneno yenu "yameniudhi." Alikata akaandika "yananichoma." Majina yetu yako nyuma ya bahasha. Mkiyachapa, yachapeni yote mawili.

Wenu,
Muuguzi mstaafu na mfasiri mstaafu